Fahamu: Kabla ya kununua amplifaya ya miaka ya 1970
Mwaka 2022 nchini Marekani, santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987: takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33. Santuri zikirudi, vyombo vya kuzipigia navyo hutafutwa, na amplifaya kuukuu za Pioneer, Sansui na Marantz zimepata wateja wapya.

Kinachozeeka kwanza ni kapasita. Zile zenye umajimaji ndani hukauka, na dalili yake ni mvumo usiokoma hata ukipunguza sauti hadi mwisho. Spika nazo huoza ukingo wa sponji unaoshikilia koni. Ukiugusa, unamomonyoka kama keki kavu. Mkwaruzo unaosikika ukizungusha kitufe cha sauti usikutishe. Mara nyingi ni uchafu tu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi huumaliza.

Umeme ndio mtego wenyewe. Mashine ya soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya Nairobi au Dar es Salaam, uiunguze! Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Mafundi makini huijaribu wakiwa wameunganisha balbu ya kizamani kwenye njia ya umeme. Balbu isipofifia, huenda ndani kuna shoti.

Kwa anayeanza, gramafoni ya Technics SL-1200, iliyozinduliwa 1972, haina hata mkanda wa kubadilisha. Amplifaya ni habari nyingine: kapasita zake huweza kubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Kama hujui kuiondoa chaji hiyo, usifungue boksi, mpelekee fundi.