Geji Husoma Pale Ilipofungwa

Maji yanatoka kwa unyonge ghorofa ya nne. Fundi anateremka hadi chumba cha pampu, anatazama geji, inasoma bar 3. Anasema pampu ni nzima, koki ndizo mbovu. Huenda ni kweli, lakini bar 3 hizo ni za pale chini, ubavuni mwa pampu. Kila mita moja bomba linapopanda, takriban bar 0.1 hupotea, kwa hiyo bafu lililo mita 14 juu ya geji limebakiwa na bar 1.6, tena hapo maji yametulia. Yakianza kutembea, msuguano kwenye bomba, viwiko na valvu nao huchukua chake, na mtiririko ukiongezeka maradufu, upotevu huo hukaribia kuwa mara nne.

Ndiyo maana geji husomwa mara mbili: koki zote zikiwa zimefungwa, kisha moja au mbili zikiwa wazi. Kama presha ni nzuri kwenye utulivu lakini inaporomoka mara tu koki inapofunguliwa, kuna valvu iliyofunguliwa nusu, bomba jembamba au kutu iliyoziba njia, na pampu kubwa zaidi itaongeza bili ya umeme tu. Kama ni ndogo hata maji yakiwa yametulia, basi chunguza pampu au urefu wa tangi.

Geji ya kawaida yenye mshale ilibuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeipatia hataza mwaka 1849, na haijabadilika sana. Ukifungua kioo utaona kibomba cha shaba kilichobanwa kikawa bapa, kikapindwa kama herufi C. Ncha moja imeunganishwa na mlango wa maji, nyingine imezibwa. Presha ikipanda, kibomba hujaribu kunyooka, ncha iliyozibwa husogea kidogo mno, na meno madogo hukuza msogeo huo hadi mshale uzunguke.

Kwenye uso wa geji kuna namba ndogo ambayo wanunuzi wengi huipuuza, mathalani 1.6 au 2.5. Hiyo ni asilimia ya kosa linaloruhusiwa, na inahesabiwa kwa kipimo cha juu kabisa cha geji, si kwa unachosoma. Geji ya bar 16 yenye 2.5 inaruhusiwa kukosea kwa bar 0.4 popote mshale ulipo. Ukipimia bar 1.6, kosa hilo ni robo nzima! Kwa mfumo wa bar 3, geji ya bar 6 inafaa zaidi: mshale unakaa katikati, na kosa linashuka hadi bar 0.15.

Tundu la kupimia nalo lina masharti. Litobolewe ubavuni mwa bomba, kwa kuwa juu hujikusanya hewa na chini hujikusanya mchanga. Likae kwenye sehemu iliyonyooka, mbali na kiwiko au mdomo wa pampu, ambako maji yanazungukazunguka. Mabaki ya chuma yaliyoachwa na keekee yasafishwe ndani. Vitabu husisitiza sana jambo hilo la mwisho, na kwenye bomba la kasi kubwa lina uzito wake. Ila katika nyumba za kawaida, maji yakienda mita 2 kwa sekunde, presha yote inayotokana na mwendo huo ni bar 0.02 tu. Kufunga geji mita 2 chini ya bomba na kusahau kutoa hesabu ya urefu ni kosa kubwa mara kumi.

Upande wa kuvuta wa pampu ndiko watu hupotea zaidi, kwa sababu sifuri ya geji ni presha ya hewa ya mahali ulipo. Mombasa hewa hiyo ni takriban bar 1.01. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, ni kama bar 0.83. Geji ya kuvuta ikisoma hasi 0.8 Nairobi, mtu aliyezoea pwani atadhani bado kuna nafasi. Kumbe ndani ya bomba imebaki bar 0.03, na maji yanakaribia kuchemka yakiwa ya baridi. Viputo vinaanza, vinapasukia kwenye mapanga ya pampu, na sauti inayosikika ni ya changarawe.

Adui mwingine wa geji ni kufunga valvu ghafla. Nikolai Zhukovsky alilichunguza jambo hili Moscow mwishoni mwa karne ya 19: katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo unaokatizwa ghafla inaweza kuzalisha pigo la bar 12 hivi. Mshale hauwahi kulionyesha, lakini kibomba kinapinda na hakirudi. Weka koki ndogo chini ya geji, uifungue unaposoma tu.

Kuikagua hakuhitaji maabara. Funga koki zote, pima kwa futi kamba kutoka uso wa maji kwenye tangi la juu hadi katikati ya geji, zidisha mita kwa 0.098. Mita 14 ni bar 1.37. Kisha ifungulie hewa, uone kama mshale unarudi sifuri. Ukisimama kwenye 0.3, nunua nyingine.