Mvua Imewafungia Ndani? Pigeni Pedeli Sebuleni

Wewe na mwenza wako mlikuwa mmeshaanza vizuri. Jumamosi asubuhi baiskeli mbili, chupa mbili za maji, mnaenda mpaka Kemondo na kurudi na njaa ya kweli. Halafu masika yakaingia. Wiki ya kwanza mkasema tusubiri ikatike. Wiki ya pili mkalala. Kufika Mei baiskeli zimegeuka kamba ya kuanikia mataulo, kitambi kimerudi kudai nafasi yake, na ile Jumamosi yenu imekufa kimya kimya.

Kama mnaishi Bukoba msijilaumu sana. Mji huu hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndiyo kiboko yao. Kibaya zaidi ni saa yake. Usiku maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa inakusanyika juu ya ziwa na kupanda, mawingu yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unayasukuma ufukweni kwetu. Ndiyo maana radi nyingi hutuamsha alfajiri, saa ileile ambayo mtu wa ofisini anayo kwa ajili ya mazoezi. Muleba, ukiacha ziwa na kuingia ndani, mvua hupungua, lakini utelezi wa udongo ni uleule, na breki zikilowa kwenye rimu ya chuma hazishiki. Kushuka mlima namna hiyo huku basi liko nyuma yako si ushujaa.

Wazungu wana tatizo kama hili, wao wanaliita baridi. Dawa yao ni treina: stendi ya chuma inayobana ekseli ya gurudumu la nyuma na kuliinua, tairi likaegemea roli ndogo yenye mkazo. Unapiga pedeli, unatoka jasho, na huendi popote. Usidharau. Februari 2016 Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mashindanoni, akajifungia ndani na treina, na Aprili 10 mwaka huohuo akashinda Paris–Roubaix, mbio ngumu kupita kiasi za siku moja.

Sasa ununue ipi? Zile za roli tatu, ambazo baiskeli inakaa juu yake bila kubanwa, achana nazo. Ukiyumba kidogo uko sakafuni na meza ya kioo imekwenda. Kuna za kisasa kabisa: unafungua gurudumu la nyuma, unafunga baiskeli moja kwa moja kwenye mashine, inaongea na programu kama Zwift, na mlima ukitokea kwenye skrini mashine inakaza yenyewe. Bomba! Ni kwa mashine za namna hiyo Mwafrika mwenzetu, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli za mtandaoni, Desemba 2020. Lakini inataka umeme, inataka intaneti, inaweza kufika kilo 20 za kusafirisha, na bei yake inaweza kuzidi ya baiskeli zenu zote mbili. Pata picha: Aprili, radi inapiga, umeme umekatika, na mashine ya mamilioni imekaa pale kama pambo.

Kwa hiyo ushauri wetu hauna kona: nunueni ya sumaku. Haina waya wa umeme, ina kilo nane hadi kumi hivi, inakunjwa na kulala chini ya kitanda. Mkazo unaubadilisha kwa kiwiko kidogo au kwa gia zako. Ipo na ya mafuta, ambayo ni kimya zaidi na inakaza kadiri unavyoongeza kasi. Mkiwa na majirani wa ukuta mmoja, ongezeni hela kidogo mchukue hiyo. Kabla ya kuagiza Dar, ulizeni na Kampala, ni karibu zaidi, ila hesabuni ushuru wa Mutukula mapema. Na fundi wa kuchomelea akikuambia atakutengenezea stendi ya mabomba kwa bei ya chee, muulize mkazo utatoka wapi. Gurudumu likizunguka hewani miguu haifanyi kazi yoyote.

Kitu ambacho wauzaji hawakuambii ni kwamba baiskeli yenyewe inaweza kugoma. Treina nyingi zimetengenezwa kwa ekseli ya kufungua kwa mkono. Ya nati inahitaji nati maalumu za kushikia, hakikisheni zimo kwenye boksi. Phoenix ya babu, yenye keria ya kubebea mikungu ya ndizi, steni ya nyuma na gia moja, itawapa taabu. Ya gia za mtumba ni nzuri, mradi mvue tairi la meno makubwa mkaweke laini, la sivyo sebule nzima itanguruma kama kinu. Jazeni upepo wa kutosha, kazeni roli mpaka tairi lisiteleze ukikanyaga kwa nguvu, na gurudumu la mbele liinueni kwa kipande cha ubao ili usikae umeinama. Chini tandikeni mpira wa zamani. Taulo juu ya usukani ni lazima, jasho la chumvi linakula chuma, na madirisha yawe wazi kwa sababu ndani hakuna upepo wa kukupoza. Mwenye mtoto anayetambaa asithubutu kuendesha mlango ukiwa wazi. Spoku zinazozunguka na vidole vidogo havipatani.

Tuje kwenu wawili. Mashine moja, watu wawili, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mkitumia baiskeli moja, wekeni alama mbili za plasta za rangi kwenye nguzo ya siti, yake na yako, ili asubuhi asianze mtu kulalama nani kashusha siti. Na asiyeendesha asikimbilie simu. Akae pale, apige stori.

Wapo wale ambao mmoja kapangiwa kazi Muleba na mwingine kabaki Bukoba, kama kilomita 70 katikati, na mvua ikinyesha hata wikiendi inaahirishwa. Kwenu nyie nasema treina mbili za bei ndogo ni bora kuliko moja ya kifahari. Saa kumi na mbili na nusu jioni kila mtu anapanda ya kwake, simu kwenye spika. Ukiweza kuongea naye lakini ukishindwa kumwimbia, mkazo ni wa kadiri, na ndio huohuo ambao Shirika la Afya Duniani linataka uupate dakika 150 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano, mmemaliza. Na kama anahema tu hajibu, mwambie apunguze gia.

Kila mkimaliza legezeni roli, tairi lisiingie bonde. Juni mvua ikikatika anzeni taratibu, kwa sababu treina inajenga miguu na pumzi, haifundishi kukata kona wala kukwepa mashimo. Mnaoishi mbalimbali mnaweza kukutania Muhutwe.