Upatanisho wa Kisarufi katika Jedwali la Sifa za Ramani ya Miamba

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza tatizo la sarufi linalozuka pindi mtaalamu wa jiolojia anapojaribu kueleza miamba kwa Kiswahili katika programu ya kuchora ramani. Huenda tatizo hilo likadhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Kwa hakika ni la wanaisimu pia, na wasipolishughulikia, maelezo ya ramani za miamba yataendelea kuandikwa kwa Kiingereza tu, ingawa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Katika programu kama QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayotolewa bure, ramani hujengwa kwa maumbo ya aina tatu: nukta, mstari na poligoni. Nukta yaweza kuwa mahali palipopimwa mwinamo wa tabaka. Mstari waweza kuwa mpasuko wa miamba. Nayo poligoni huonyesha eneo la mwamba wa aina moja, kwa mfano mawe ya mchanga ya Mazeras au ya Mariakani katika Pwani ya Kenya. Umbo peke yake halielezi mengi. Maelezo yamo katika jedwali la sifa: kila umbo lina safumlalo yake, na kila sifa, kama vile rangi, chembe, umri au mwinamo, ina safuwima yake. Mchoraji aweza kuiamuru programu ipake ramani rangi kwa kufuata safuwima moja, nayo itatenga kundi kwa kila neno tofauti italolikuta humo.

Hapo ndipo ngeli zinapoleta utata. Tuseme wapimaji watatu wanaeleza tabaka moja lenye wekundu. Wa kwanza, akifikiria mchanga, ataandika "mwekundu". Wa pili, akifikiria changarawe, ataandika "nyekundu". Wa tatu, akifikiria tabaka lenyewe, ataandika "jekundu". Kwa msemaji wa Kiswahili sifa ni moja. Kwa kompyuta, ambayo hulinganisha herufi tu, sifa ni tatu, na ramani itaonyesha mipaka isiyokuwapo ardhini. Vilevile atakayetafuta "nyekundu" hatapata maumbo ya wenzake wawili.

Mtu aweza kupendekeza kwamba viambishi viondolewe, iandikwe "-ekundu" tu. Lakini hilo ni shina, si neno kamili, na msomaji wa kawaida hatalipokea. Suluhisho bora limo katika lugha yenyewe. Msemaji anaweza kusema "mchanga wenye rangi nyekundu", "jiwe lenye rangi nyekundu" au "mawe yenye rangi nyekundu". Upatanisho na nomino kuu huchukuliwa na "-enye", ilhali "nyekundu" haibadiliki kwa kuwa hupatana na "rangi". Basi kanuni iwe hii: kivumishi kipatane na jina la safuwima, si na jina la mwamba. Chini ya "rangi" kutaandikwa nyekundu, nyeusi au ya kijivu. Chini ya "chembe", ndogo, za wastani au kubwa. Chini ya "kiwango cha kuchakaa", kidogo, cha wastani au kikubwa. Orodha hizo zaweza kufungwa ndani ya programu, mpimaji akachagua badala ya kuandika. Programu pia yaweza kuhifadhi namba na kuonyesha neno, ili data ileile isomwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Majina ya safuwima nayo yahitaji uangalifu. Muundo wa zamani wa faili uitwao shapefile, ambao ungali ukitumika sana, haukubali jina la safuwima linalozidi herufi na alama 10. Kwa sababu Kiswahili hutanguliza nomino kuu na kuweka kifafanuzi nyuma, kinachokatwa ni kile hasa kinachotofautisha: "aina_ya_mwamba" na "aina_ya_mwanya" yote huishia "aina_ya_mw". Afadhali litumike neno moja, "mwamba" au "mwanya".

Jambo la mwisho ni nafasi tupu. Mwinamo wa 0 maana yake ni kwamba tabaka limelala sawasawa. Nafasi tupu maana yake ni kwamba kipimo hakikuandikwa. Neno "hakuna", ambalo aghalabu hutumiwa katika fomu, huchanganya mambo hayo. Ukanushi wa Kiswahili unao uwezo wa kuyatenganisha: "haujapimwa" huonyesha kazi iliyobaki, na "haupimiki" huonyesha mwamba usio na matabaka ya kupimwa. Maneno hayo yaweza kuwekwa katika safuwima ya "hali ya kipimo", kando ya ile ya namba.

Kueleza ardhi kwa sifa zake si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Jina la Maji ya Chumvi, ambalo limepewa pia kundi mojawapo la miamba ya Duruma, ni ushahidi wa kutosha. Linalohitajika ni wanaisimu kuketi pamoja na wanajiolojia, waandae orodha fupi za vivumishi vilivyokwisha kupatanishwa, kabla ya kila mpimaji kujibunia zake. Hapo mchimba visima na mkulima wataweza kuisoma ramani ya ardhi wanayoishi bila ya kumtafuta mkalimani.