Lambo la Wanyamapori: Lichimbwe Wapi, Likauke Lini

Juu katika Milima ya Upare maji si haba. Kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, hukamata mawingu, na msitu wa Chome hulisha vijito vinavyoshuka mabondeni. Ukifika Same mjini mambo yamekwisha geuka: milima imeikamua mvua, na nyika inayoanzia lango la Zange hadi mpaka wa Kenya imebakiwa na vuli fupi, masika isiyotabirika na kiangazi kirefu. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye zaidi ya kilometa za mraba 3,200, ina mto mmoja tu wa kudumu, Umba, tena pembeni kabisa kusini mashariki. Ndiyo maana tembo huingia hifadhini na mvua wakitokea Tsavo, kisha hurudi Kenya nyika inapokauka.

Tangu Mkomazi ilipokuwa pori la akiba mwaka 1951 hadi ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, suala la maji halijawahi kuwapa nafasi ya kupumua wanaoitunza. Bwawa la Dindira, ambako tembo na nyati hujaa kiangazi kinapopamba moto, limechimbwa na watu. Mwenye kitalu cha uwindaji anayeliona bwawa kama lile hutamani la kwake. Tamaa hiyo ni njema, ila kuna mengi ya kujua kabla ya kuita mashine ya kuchimbia.

La kwanza ni jua. Tuseme lambo lina mita 40 kwa 40. Katika joto la tambarare ya Same, kina cha maji kinaweza kushuka milimita 6 kwa siku kwa mvuke peke yake. Hizo ni lita 9,600 zinazopotea kila siku. Tembo mkubwa hunywa wastani wa lita 150. Kwa hiyo jua linakunywa sehemu ya tembo 64, na halikosi hata siku moja. Katika miezi mitano ya kiangazi litakuwa limeondoa karibu mita nzima ya kina. Lambo pana lenye kina kifupi ni hasara tupu. Lichimbwe kwenda chini, lakini upande mmoja uachwe na mteremko mpole sana, kwa sababu kingo zilizosimama huwanasa ndama wa tembo na nyati kwenye tope maji yanapopungua.

La pili ni udongo. Fundi mzoefu huchota gao la udongo kutoka kina kitakachokuwa sakafu ya lambo, akaulowesha na kuufinyanga, kisha akausokota viganjani mpaka uwe kamba nyembamba kama penseli. Kamba hiyo akiikunja iwe pete bila kupasuka, mfinyanzi unatosha. Ikikatika, maji yatazama ardhini, na kifusi kitalazimika kusombwa kutoka mahali pengine. Tuta nalo hujengwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Pembeni huachwa utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, uwe mpana na uoteshwe nyasi. Tuta lisilo na utoro wa kutosha hukatwa na mafuriko ya mvua kubwa ya kwanza.

Tope ndilo adui asiye na haraka. Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi huko Tsavo Mashariki, lilisifika kwa maji na wanyama wake. Mashapo ya mto yakalijaza, likawa linakauka. Wapare wanalijua jambo hili tangu zamani. Ndiva zao, yaani vibwawa vya kumwagilia, kama ile ya Manoo huko Bangalala, hukusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana ili mashamba yanyweshwe kwa zamu, na wenye zamu hutoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa tope. Anayechimba lambo porini bila kupanga nani atalizoa tope, na kwa fedha ipi, amechimba shimo la miaka michache tu. Kidimbwi kidogo cha kutuliza mashapo upande maji yanakotokea hupunguza kazi hiyo sana.

Jambo zito zaidi, ambalo wengi hulisahau, ni malisho. Katika ukame wa 1970 na 1971 tembo wa Tsavo walikufa kwa maelfu, na wengi wao walikufa wakiwa karibu na maji. Kilichowaua ni njaa: kila kilicholika kandokando ya mito kilikuwa kimekwisha, na majike wenye watoto hawakuweza kwenda mbali kutafuta. Huko Kruger, Afrika Kusini, mamia ya visima vilichimbwa kwa nia njema kabisa. Pundamilia wakahamia maeneo makavu ya kaskazini, simba wakawafuata, na swala aina ya korongo, waliokuwa wakiishi huko kwa utulivu, wakaporomoka kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi karibu 45 mwaka 1993. Visima vingi vikafungwa.

Kwa nyika ya Same onyo hilo lina wenyewe. Choroa, swala twiga na tandala mdogo huweza kuishi muda mrefu bila kunywa. Ukavu ndio ngao yao dhidi ya nyati, pundamilia na simba wanaowafuata. Maji ya kudumu kila kona yatawanyang'anya ngao hiyo. Afadhali malambo machache, mengi yao ya msimu, yanayoachwa yakauke ili nyasi za pale zipumzike, na sehemu kubwa ya kitalu ibaki bila maji kabisa. Isitoshe, lambo lisigeuzwe mtego: mnyama aliyekuja kunywa hawindwi.

Mwenye kitalu aliyeridhika na haya yote aanzie kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kabla mkondo haujazibwa. Aombe mapema, achimbe baada ya masika, na tuta liwe limekamilika kabla ya vuli ya Novemba.