Mtoto Hasikii: Ni Ukaidi au ni Sikio?

Katika lugha ya Kiswahili neno "kusikia" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kupokea sauti kwa sikio; maana ya pili ni kutii. Kwa hiyo mzazi anenapo, "Mtoto huyu hasikii," jirani zake hufahamu mara moja kwamba mtoto ni mkaidi, na aghalabu ushauri wanaoutoa ni fimbo. Ni wachache wafikirio kwamba huenda maneno hayo ni ya kweli kwa maana ile ya kwanza. Yaani, sauti ya mama haikumfikia mtoto hata kidogo, au ilimfikia nusu nusu, kama sauti ya mtu asemaye nyuma ya ukuta. Kosa hili la kufasiri neno limewapotezea watoto wengi masomo yao, na wengine limewapotezea hata usemi.

Kamere, makazi ya wafanya kazi yaliyo upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, karibu na mbuga ya Hell's Gate na visima vya mvuke vya Olkaria, ni mahali panapofaa kutafakari jambo hili. Wakazi wake wametoka pande nyingi za Kenya kutafuta riziki katika mashamba ya maua na katika uvuvi. Mama aendaye shambani alfajiri humwacha mtoto kwa mlezi, na arudipo jioni amebakiwa na saa chache tu za kuwa naye. Kadhalika, mtoto wa hapo husikia lugha nyingi: ya mama nyumbani, ya jirani mlango wa pili, na Kiswahili njiani. Akichelewa kusema, ni rahisi watu kujifariji kwamba lugha zimemchanganya. Lakini lugha nyingi hazimnyimi mtoto usemi. Sikio bovu ndilo linyimalo.

Ni Watoto Wangapi?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba milioni 34 kati yao ni watoto. Wengi wa watu hao wako katika nchi zisizo na mali nyingi.

Katika Kenya, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 153,361 wenye shida ya kusikia, miongoni mwa wote waliotimiza umri wa miaka 5 na zaidi. Hesabu hiyo ni ndogo, wala si ajabu kuwa hivyo. Karani wa hesabu hupita nyumbani na kuuliza; hana chombo cha kupima sikio. Waliohesabiwa ni wale ambao jamaa zao wamekwisha kutambua kuwa shida yao ni kubwa. Mtoto mwenye uziwi wa kiasi, ambaye husikia mlango ukibamizwa lakini hasikii maneno ya upole, hawezi kuonekana katika hesabu ya namna hiyo.

Yapo matokeo ya upimaji uliofanywa kwa vyombo. Mnamo Mei 1992 waganga waliwapima watoto zaidi ya 5,000 wa shule 57 za msingi katika wilaya ya Kiambu, ambayo haiko mbali na Naivasha. Walikuta kwamba watoto wapatao 2 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa kusikia, na mtoto kama mmoja katika kila 100 alikuwa na sikio litokalo usaha kwa muda mrefu. Mwalimu akiichukua hesabu hiyo kuwa kipimo, na darasa lake lina watoto 50, basi yafaa atazamie kuwa mmoja wao hasikii sawasawa. Katika shule ya watoto 600 watapatikana kama 12. Hao ndio huketi nyuma, hunakili kwa jirani, na mwisho wa mwaka huitwa wajinga.

Mambo Yaletayo Uziwi

Baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa viziwi, ama kwa urithi wa ukoo, ama kwa sababu mama aliugua ugonjwa wa rubela alipokuwa mjamzito. Wengine hupata madhara wakati wa kuzaliwa, kwa kukosa pumzi, kwa kuzaliwa kabla ya siku zao, au kwa umanjano mkali wa siku za kwanza. Wengine huzaliwa wazima, kisha huharibiwa na surua, matumbwitumbwi au homa ya uti wa mgongo. Tena zipo dawa, kama vile sindano za gentamaisini na streptomaisini, ambazo huokoa maisha lakini zaweza kudhuru sikio. Daktari huzitoa kwa kipimo na kwa sababu. Hatari ni kwa yule anunuaye sindano dukani bila kupimwa.

Hata hivyo, sababu iliyo ya kawaida kupita zote katika nyumba za watu wa kazi ni sikio litokalo usaha. Huanza na mafua. Uchafu wa koo hupanda kwa njia nyembamba iliyo kati ya koo na sikio, hukusanyika nyuma ya ngozi ya ndani, na mwishowe huitoboa ngozi hiyo. Moshi wa kuni, msongamano wa watu chumbani, na kumnyonyesha mtoto kwa chupa akiwa amelala chali huzidisha maradhi haya. Maumivu yakiisha usaha utokapo, mzazi hudhani ugonjwa umekwisha. Kumbe ndipo uharibifu huanza. Usaha ukiachwa miezi na miaka, hula mifupa midogo ipelekayo sauti, na mara nyingine hufika hata kwenye ubongo na kuua.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu 60 katika kila 100 ya visa vya uziwi wa watoto vingaliweza kuzuiwa. Kwa hiyo chanjo si jambo la kupuuzwa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia mwaka 2011, ambayo huzuia pia baadhi ya homa za uti wa mgongo na maradhi ya masikio; na mwaka 2016 ikaanza kutoa chanjo ya surua na rubela pamoja. Mzazi atimizaye kadi ya kliniki hulinda masikio ya mtoto wake bila kujua.

Tiba Ifaayo na Tiba Isiyofaa

Watu wengi hutia katika sikio bovu mafuta ya moto, maji ya majani, au huchokoa kwa njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku. Mambo haya yote ni ya hatari. Wengine hupangusa usaha tu na kungoja. Jambo hilo lilichunguzwa katika shule za Kiambu, na matokeo yakatangazwa mwaka 1996. Watoto waliopanguswa masikio na kupewa dawa za kuua vijidudu walikauka usaha kwa kadiri ya 51 katika kila 100; waliopanguswa tu walikuwa 22 katika kila 100, sawasawa na wale ambao hawakutibiwa lo lote. Basi kupangusa ni kwema, lakini pasipo dawa hakutoshi. Mwaka 2005 uchunguzi mwingine wa watoto wa shule, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba dawa ya matone iitwayo siprofloksasini hushinda maji ya boriki yaliyokuwa yakitumiwa tangu zamani.

Kwa hiyo mtoto atokwaye usaha na apelekwe zahanati. Huko mganga atamwonyesha mama jinsi ya kusokota pamba au kitambaa safi, kukausha sikio, kisha kutia matone aliyoyaandika. Sikio hilo lisiingie maji. Mtoto asiogelee ziwani mpaka lipone.

Jinsi ya Kumtambua Mtoto

Mzazi hahitaji chombo cha thamani ili kuanza. Mtoto mchanga mzima hushtuka kwa kishindo. Afikapo miezi 6 hugeuka kuitafuta sauti ya mama. Afikapo mwaka mmoja huitika jina lake na kuanza neno moja au mawili. Asiyefanya hayo apelekwe kwa daktari pasipo kungoja, kwa maana miaka ya kwanza ndiyo miaka ya kujifunza kusema.

Kwa mtoto mkubwa, mzazi au mwalimu na asimame nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, mtoto azibe sikio moja, kisha anong'onezwe maneno mepesi ayarudie. Asipoweza, apelekwe kupimwa. Dalili nyingine ni mtoto aulizaye "Nini?" kila mara, atazamaye midomo ya msemaji, au apandishaye sauti ya redio kupita wenzake.

Asiyepona Naye Ana Njia

Wako watoto ambao dawa haitawarudishia kusikia. Wengine watasaidiwa na kifaa cha kuvaa sikioni. Wengine watahitaji Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Chama cha Kenya cha kusaidia watoto viziwi kilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1961 shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zikafunguliwa. Katika Nakuru iko shule ya viziwi ya Ngala. Tena tangu mwaka 1984 Serikali iliweka vituo vya kupima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza wazazi kwenye shule zinazowafaa. Mtoto kiziwi aliyefundishwa ishara mapema hujifunza hesabu na ufundi kama mwenzake. Aliyefichwa nyumbani hukua bila lugha yo yote, na hilo ni kubwa kuliko uziwi wenyewe.

Wazee walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini masikio mengi ya watoto si ya kufa. Yanakufa kwa kuchelewa. Basi mwalimu amweke mtoto huyo kiti cha mbele na kuwaarifu wazazi wake; mlezi amwambie mama aonapo usaha; na baba, kabla ya kushika fimbo, amwite mtoto kwa nyuma, kwa sauti ya chini, na kuangalia kama atageuka.