Je, Wajua? Shimo la Chumvi la Jibuti

Mahali pa chini kuliko pote barani Afrika pako Jibuti, nchi isiyofikia hata kilomita za mraba 24,000. Ni Ziwa Assal, takriban mita 155 chini ya usawa wa bahari. Maji ya bahari hupenya hadi humo kupitia nyufa za miamba ya volkano, kisha jua huyakausha na kuacha chumvi. Ziwa lina chumvi mara kumi hivi kuliko bahari: utaelea upende usipende, lakini mwenye kidonda mguuni asithubutu! Ufukweni mawimbi huviringisha chembe za chumvi mpaka ziwe gololi nyeupe, ngumu, za kujaza kiganja. Kwa karne nyingi Waafar wamewapakia ngamia chumvi hiyo na kuivusha hadi Ethiopia.

Jirani na hapo, volkano ya Ardoukoba ililipuka mwaka 1978. Mpakani mwa Ethiopia, Ziwa Abbé lina minara ya chokaa, mingine ikifuka mvuke. Na kuanzia Novemba, papa potwe, ambao wageni huwafuata pia kisiwani Mafia, huingia Ghuba ya Tadjoura. Nenda msimu huohuo. Kiangazi cha Jibuti hakina huruma.