Jinsi Treni za Modeli Zinavyojiendesha

Reli ya modeli, yaani mfano mdogo wa treni, njia na stesheni zake uliojengwa kwa kufuata vipimo vya reli halisi, humdai mwenye nayo uhandisi kama inavyomdai usanii, kwa kuwa lazima treni zipishane bila kugongana. Miniatur Wunderland, maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun mjini Hamburg, Ujerumani, yana treni zaidi ya 1,000 za kipimo cha 1:87, na kwa wingi huo haiwezekani kuziongoza kwa mkono. Ndiyo maana kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta.

Zamani mwendo wa treni ya modeli uliongezwa au kupunguzwa kwa kubadilisha nguvu ya umeme relini, hivyo vichwa viwili vya treni vilivyokuwa kwenye njia moja vilitii amri ileile. Mfumo wa kidijitali uitwao DCC, uliobuniwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango cha pamoja na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, uliondoa kikwazo hicho. Katika mfumo huu reli hubeba umeme na ujumbe kwa pamoja: mapigo mafupi, ambayo kila nusu yake huchukua mikrosekunde 58, yaani sehemu 58 za milioni moja za sekunde, huwakilisha tarakimu 1, na yale marefu zaidi huwakilisha 0. Ndani ya kila kichwa cha treni mna kifaa kidogo, dikoda, ambacho huusoma ujumbe huo na kutii amri zilizotajwa kwa namba yake peke yake.

Hata hivyo, kuamuru ni nusu tu ya kazi, kwa maana kompyuta isiyojua treni iko wapi haiwezi kuiongoza. Kwa sababu hiyo njia hugawanywa katika vipande vinavyoitwa bloki, vilivyotenganishwa kwa kukata reli ili umeme wa kimoja usivuke hadi kingine, na kanuni kuu ni kwamba bloki moja haiingiwi na treni mbili. Treni inapoingia katika bloki, mota yake huvuta umeme, na kihisio kilichounganishwa na bloki hiyo huiarifu kompyuta. Mabehewa yasiyo na taa hayavuti umeme wowote, kwa hiyo mafundi hubandika kwenye ekseli zake rezista, yaani kipande kidogo kinachopitisha umeme kidogo tu. Bila hicho, mabehewa yaliyokatika na kubaki nyuma hayangeonekana, na treni inayofuata ingeyagonga.

Kanuni hii imetoka katika reli halisi, ambako Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ya njia mwaka 1872. Katika saketi hiyo umeme hupita relini wakati njia ikiwa tupu, na magurudumu ya treni huukatiza njiani usifike kwenye kifaa cha ishara. Kwa hiyo waya ukikatika, ishara huonyesha hatari na treni husimama. Vihisio vingi vya modeli hufanya kinyume chake, kwani kukosekana kwa umeme huhesabiwa kuwa njia ni tupu, na waya uliolegea waweza kuidanganya kompyuta. Vumbi na kutu juu ya reli huleta udanganyifu wa namna hiyohiyo.

Programu kama JMRI, inayopatikana bila malipo, inaweza kusoma vihisio, kugeuza njia na kupunguza mwendo wa treni inayokaribia stesheni, lakini haiwezi kusahihisha taarifa mbovu inayoletewa. Anayeanza, basi, na ajenge kwanza mzunguko mmoja wenye bloki tatu, ambazo zinatosha treni mbili kufuatana kwa usalama kwa sababu kila treni ikiwa ndani ya bloki yake hubaki moja iliyo tupu, asafishe reli na kuhakiki kila kihisio, ndipo aongeze bloki nyingine na treni ya tatu.